Lori Likishaondoka

Nafanya kazi na familia za mitaani katika mji mmoja wa Kenya. Nyinyi mnaopita mnaona mambo mawili: kanjo, yaani askari wa kaunti, akimburuta mtu, na msamaria akigawa chai na mkate Jumapili. Kazi yenyewe hamuioni, kwa sababu imo ndani ya daftari: nani ameanza dawa za TB, nani ni mjamzito, mtoto gani amekubali kurudi kwa nyanyake.

Dawa za TB humezwa miezi sita bila kukatiza. Kijana mmoja alikuwa amepita nusu. Kukaja msako wa usiku, maboksi waliyolalia yeye na wenzake yakachomwa pamoja na vidonge na kadi yake ya kliniki. Yeye akapakiwa kwenye lori la kanjo na kwenda kutupwa nje ya mji. Alirudi kwa miguu, akajificha mtaa mwingine. Nilipompata, kikohozi kilikuwa kimerudi.

Msinidhanie napinga sheria. Wanaopora simu wakamatwe, na wanaowauzia watoto gundi ya kunusa pia. Msichana akibakwa, mimi mwenyewe nampeleka polisi. Lakini muuza gundi hupata habari za msako mapema, akatoweka. Anayekutwa ni mama mwenye mtoto mgongoni.

Sheria ya Uzururaji ilifutwa nchini mwaka 1997. Mfuko wa serikali wa kuzirekebisha familia hizi ulianzishwa 2003. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilitamka kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Hayo yote yameandikwa, na lori bado linakuja.

Linakuja kwa sababu hakuna pa kuwapeleka. Sensa ya 2018 ilihesabu watu 46,639 wa mitaani nchini, 15,337 kati yao Nairobi. Hapa kwetu vituo vya uokoaji hupokea watoto tu. Mtu mzima hushushwa gizani, na baada ya siku chache yuko palepale, ila sasa akiniona anakimbia. Anadhani nimemuuza.

Ninachoomba ni kidogo. Askari waje mchana, tuongozane, niwaonyeshe mgonjwa ni nani. Dawa na vitambulisho visichomwe. Nawe unayepiga simu waondolewe mlangoni pako, uliza kwanza wanapelekwa wapi. Usipopata jibu, jua watarudi, na watarudi wakiwa wagonjwa zaidi.