Ushahidi wa Jani Bovu

Desturi ya mkulima ni kutunza mbegu njema na kutupa jani bovu. Ni busara, maana ugonjwa hautakiwi ghalani. Walakini katika hifadhi ya mimea iliyokaushwa, jani bovu hupata heshima. Hubanwa karatasini likakauka, likatiwa katika bahasha. Na juu yake huandikwa jina la mti, jina la kuvu iliyoushambulia, mahali, tarehe, na jina la mchumaji. Bila ya maandishi hayo jani ni takataka. Pamoja nayo ni shahidi.

Shahidi wa namna hii alihitajiwa sana katika nchi ya Wamakonde. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Newala na Masasi, ambako mkorosho ndio sare ya shule na bati la nyumba, ziliumia. Wako waliolaumu bei ndogo; wako waliolaumu kuhamishiwa watu katika vijiji vya ujamaa, mashamba yakabaki mbali; na wako waliomlaumu mkulima kwa kutopalilia.

Mshtakiwa mwingine alikuwa mdogo mno: kuvu ya ubwiri unga, ambayo Noack aliieleza huko Brazili mwaka 1898, na ambayo habari zake katika Tanzania ziliandikwa mwaka 1979. Wakati wa kiangazi, mikorosho ichanuapo, kuvu hii huyavika maua na machipukizi vumbi jeupe kama unga wa muhogo. Maua hukauka yasizae. Huishi juu ya mmea ulio hai tu, wala haioteshwi peke yake katika vyombo vya maabara. Kwa hiyo jani lililokaushwa ndilo kumbukumbu ya mwili wake.

Je, mwaka 1979 ndipo ilipofika, au ndipo ilipoandikwa? Mavuno yalikwisha anza kushuka kabla ya hapo, na jani lisilochumwa halisemi kitu: kukosekana kwake si ushahidi wa afya ya shamba. Ikiwa mkulima wa Mkunya aliona unga ule mapema zaidi, akatupa ua lililokauka, alitupa pamoja nalo utetezi wake.

Leo mikorosho hupulizwa salfa, na watafiti wa Naliendele huyachunguza maradhi yake. Lakini ugonjwa mgeni hautoi taarifa. Mwanafunzi arudiye kwao Newala likizoni, akiona doa asilolijua, na alichume, alikaushe, aandike mahali na siku. Kazi hiyo ni ndogo. Hukumu itakayoitegemea huenda ikawa kubwa.