BUMU LIMEISHIA STUDIO, USINGIZI UMEISHIA KWENYE BITI: STORI YA DOGO WA MWAKA WA PILI

Kuna dogo mmoja yuko mwaka wa pili, chuo fulani hapa Dar, anasoma uhasibu. Jina kapuni. Huyu dogo anapenda kutengeneza biti kuliko kula, na hapo ndipo stori ilipoanzia.

Alianza akiwa kidato cha pili, kwa simu ya mama yake. Hakuna aliyemlipa, hakuna aliyemsikiliza, lakini alikuwa na raha zake.

Chuo ndo mambo yakageuka. Bumu la kwanza likaishia kwenye laptopu ya mtumba na hedifoni. La pili likaenda kwa prodyuza mmoja wa Sinza aliyeahidi kumtoa. Kuanzia hapo kila biti lazima aiposti, na akishaposti anaamka saa tisa usiku kuangalia watazamaji wamefika wangapi. Wakiwa wachache, siku nzima kanuna. Msosi ukawa chipsi za usiku, na enaji mbili za kukeshea.

Matokeo yakatoka: sapu tatu. Wiki hiyohiyo mikono ikawa inatetemeka, moyo unamwenda mbio, dogo akajua tayari karogwa. Kwenda zahanati, nesi akamuuliza maswali mawili tu: unalala saa ngapi, na unakunywa nini? Kisha akamwelewesha kwamba enaji ya saa nne usiku, hata ikifika saa tisa karibu nusu ya kafeini yake inaweza kuwa bado iko mwilini. Na mtu mzima anahitaji kulala si chini ya saa 7. Dogo alikuwa analala 3.

Akarudi hosteli na uamuzi mmoja: laptopu inauzwa, muziki basi.

Rumeti wake ndo akamzuia. "Oya mwanangu, usiuze. Kwanza niambie, lini mara ya mwisho umetengeneza biti ukafurahi?"

Dogo kimya. Hakukumbuka.

Kumbe muziki haukuwa na kosa. Kosa ni kwamba aliugeuza mtihani wa nne, unaosahihishwa kila usiku na watu asiowajua.

Laptopu haikuuzwa. Sasa hivi biti ni Jumanne na Alhamisi jioni, basi. Ikifika saa tano usiku laptopu inafungwa, simu inalala kwenye begi. Bumu likiingia, kwanza msosi, hosteli na steshenari, kinachobaki ndo cha muziki. Jumamosi wanakutana wana wanne nyuma ya hosteli, mmoja na gitaa, mwingine anachana, wengine wanagonga ndoo. Hakuna anayerekodi. Ana biti kama sita ambazo hajaziposti popote, na ndo anazozipenda kuliko zote.

Si kwamba kila kitu kimekaa sawa. Sapu mbili kafuta, moja atairudia. Prodyuza wa Sinza hapokei simu mpaka leo.

Ila juzi Jumamosi mama yake kapiga, ndoo zinalia kwa nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bado unapiga makelele yako?"

"Bado, mama."

"Haya. Umekula?"

"Nimekula."

Na safari hii hakumdanganya.