Eti watoto wote ni waaminifu

Tumebanwa na kazi ya kozi ya upimaji na tathmini. Kundi letu la watu wanne tunatathmini programu ya maadili kwenye shule moja ya msingi jirani na chuo (jina naliacha). Kila Jumatatu mstarini linatangazwa neno la wiki, mfano uaminifu au heshima, halafu darasa la 4 na la 5 wanafundishwa.

Shule ilishaandaa dodoso lake. "Je, kuiba ni vibaya?" "Je, unasema kweli daima?" Sasa mtoto wa miaka kumi, mwalimu wake kasimama mlangoni, atajibu nini jamani? Karibu wote wamepata alama zote. Mwalimu mkuu kafurahi, anataka ripoti isomwe kwenye kikao cha wazazi. Kuna katoto kamoja kakaniuliza, "Madamu, haya si yale tuliyofanya jana na mwalimu?" Nikachoka!

Ninachobishana na wenzangu ni hiki: dodoso lile linapima kama mtoto anajua jibu, basi. Kule Marekani, Hartshorne na May walichapisha kati ya 1928 na 1930 utafiti wa watoto wapatao 11,000. Waliwapa jaribio, wakanakili majibu kwa siri, kisha wakawarudishia karatasi wajisahihishie wenyewe. Aliyebadili jibu akajulikana. Ikaonekana kwamba aliyedanganya darasani si lazima adanganye kwenye michezo, na kujua lililo jema hakukutosha kubashiri mtoto atafanya nini. Tena 2010 ikatoka ripoti ya serikali yao kuhusu programu 7 kwenye shule 84: kwa wastani hazikuboresha tabia wala masomo.

Sisi shule 84 hatuna, tuna moja na nauli ya daladala. Ila kuna kitabu cha mwalimu wa zamu! Ugomvi, utoro, vitu vilivyookotwa vikapelekwa ofisini, vyote vimeandikwa tangu kabla programu haijaanza. Nimependekeza tuhesabu hivyo, tulinganishe na darasa la 6 ambalo halimo.

Mmoja kaniunga mkono. Wawili wanasema nawatafutia ugomvi na mwalimu mkuu, na field tunategemea shule hiyohiyo. Kwa hiyo ni mbili kwa mbili, na kazi inakusanywa Ijumaa.