Kitonga Haidanganywi

Mwaka huu nimemkabidhi mwanangu funguo za gereji. Kufika bado nafika, nakaa karibu na lango, na wiki haipiti bila kijana kuniamkia, kuvuta kigoda na kunionesha kwenye simu yake pikapu za Kimarekani: Ford F-350, Ram 3500, Chevrolet Silverado. Ile Ford yenye dizeli ya lita 6.7 inafika nguvu za farasi 500 na torki inayopita Nm 1,600. Kisha linakuja swali: "Mzee, hii na Land Cruiser yetu, ipi inavuta zaidi?"

Nimelisikia swali hilo tangu nikiwa spana boi, na watu niliowaheshimu walikosana kwa sababu yake. Ndiyo maana naandika.

Nilizaliwa Kilosa, baba akifanya kazi reli. Nilipomaliza darasa la saba mjomba alinichukua hadi Iringa, akaniacha kwenye gereji moja pale Ipogolo. Mkuu wa gereji hiyo sote tulimwita Fundi Mkuu, nami nitamwita hivyo. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na sikio. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akakuambia nozo ya silinda ya ngapi imechoka.

Sharti lake kwa kila mteja mwenye tela lilikuwa moja: gari likitoka kutengenezwa, lifungwe tela lenye mzigo wake halisi, liende hadi Ruaha Mbuyuni, ligeuze, lipande Mlima Kitonga. Wengi walinung'unika kuhusu gharama ya mafuta. Yeye alijibu kwamba barabara tambarare inamsifia kila mtu. Kitonga kuna kona kali, kuna malori yanayokulazimisha usimame katikati ya mwinuko, kuna joto la bondeni. Ukiweza kuondoka pale na tani tatu nyuma bila kuunguza klachi wala kuchemsha, gari lako linavuta.

Enzi zile ugomvi ulikuwa kati ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, iliyoanza kutoka mwaka 1990, na Land Rover Defender ya 300Tdi iliyokuja mwaka 1994. 1HZ ni silinda sita, lita 4.2, haina tabo, na inatoa Nm 285 injini ikizunguka mara 2,200 kwa dakika. Tdi ni silinda nne, lita 2.5 tu, lakini tabo yake inaipa Nm 265, tena kwenye mizunguko 1,800. Kwenye karatasi zinakaribiana mno. Jirani yetu, fundi wa Land Rover, alilishika jambo hilo na hakuliachia: vipi injini ndogo hivyo ifanye karibu kazi ileile?

Alikuwa na hoja, na Fundi Mkuu hakupenda kuikubali. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Kwa hiyo zile nguvu za farasi 130 hivi za 1HZ, ukifika kwetu, zimeshaliwa kama 20. Tabo inashindilia hewa, hivyo Tdi haikuumia kiasi hicho. Mufindi na Njombe, Land Rover iliyotunzwa iliondoka na tela vizuri. Nimeziendesha zote mbili, nasema nilichokiona.

Ila silinda hedi ya Tdi ni ya alumini, na ya 1HZ ni ya chuma. Dereva akichemsha mara moja na kuendelea kukanyaga, hedi ya alumini inapinda, gasketi inaachia, safari imekwisha. Ya chuma inavumilia zaidi. Kwa magari yaliyokuwa yanapita mikononi mwa madereva watatu kwa mwezi, hilo lilikuwa na uzito kuliko torki.

Kutokana na ugomvi huo kukazaliwa wazo lililoua injini nyingi: basi tuifunge 1HZ tabo, tupate vyote viwili. Mfanyabiashara mmoja wa mbao wa Mafinga, aliyekuwa akivuta mashine yake ya kupasulia, zile tunazoita dingdong, alimtaka Fundi Mkuu amfungie. Fundi Mkuu alikataa mbele yetu sote, na alimweleza sababu kwa utulivu ambao vijana wa leo hawana. Injini hiyo, alisema, imeundwa na mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1, ili dizeli iwake kwa hewa ya kawaida. Dada yake 1HD-T, iliyotoka kiwandani na tabo, ina mgandamizo wa 18.6 kwa 1. Tena 1HZ inawasha dizeli kwanza ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye hedi, na moto unatoka kwa tundu jembamba moja kwa moja juu ya pistoni. Ukiongeza hewa utataka kuongeza mafuta. Ukiongeza mafuta, moto ule unakaa mahali pamoja, na mlimani unakaa muda mrefu.

Mteja alikwenda gereji nyingine. Kwa muda alipita mbele yetu akipiga honi. Baadaye gari likarudi kwa kamba. Nilizitoa pistoni mimi mwenyewe: zilikuwa zimepasuka juu, palepale moto unapotokea. Aliyefunga tabo alieneza habari kwamba mteja alitumia oili mbovu, na nasikia anashikilia hivyo hadi leo. Metali za krenki zilikuwa safi. Oili mbovu ingeanzia huko. Fundi yeyote anayejua kusoma chuma anajua kilichoua injini ile.

Sisemi tabo ni mbaya. Nasema tabo ni ya yule aliyeiundia pistoni, mgandamizo, rejeta na gia boksi. Wamarekani wenyewe, kabla ya kutangaza uzito ambao pikapu inaweza kuvuta, wana kipimo kinachoitwa SAE J2807: gari na tela hupandishwa mwinuko mrefu wa Davis Dam kule Arizona, katika joto la nyuzi 38 au zaidi, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka Fundi Mkuu na safari zake za Ruaha Mbuyuni.

Kuna la pili ambalo vijana hawaniulizi kamwe: kushuka. Land Cruiser ya mfululizo wa 79 imeidhinishwa Australia kuvuta kilo 3,500, lakini tela likiwa na breki zake. Lisipokuwa nazo, ni kilo 750. Kwetu naona matela ya tani mbili yaliyochomelewa mtaani, hayana breki hata moja, yanashushwa Kitonga na dereva aliyeachia nyutro kuokoa mafuta. Huko ni kuua watu. Shuka kwa gia uliyopandia. Panga mzigo ili karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela ikae kwenye ndoano. Ukiulundika nyuma, tela litayumba na kulivuta gari nje ya barabara.

Sasa imekuja pikapu ya lita 2.8, injini ya 1GD, yenye Nm 500. Wazee wenzangu wanaibeza kwa udogo wake. Nimeipandisha na tela lenye mzigo, na inaiacha 1HZ mbali. Hofu yangu iko kwenye dizeli. Miaka ya uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa, kabla mamlaka ya EWURA haijaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, tulifungua pampu zilizosagika kwa sababu mafuta ya taa hayalainishi chuma. Pampu za zamani tulizitengeneza kwa spana. Nozo za sasa zinafanya kazi kwa presha kubwa mno. Maji kidogo au vumbi kidogo vinaziharibu, na bila kompyuta huoni kitu.

Hukumu yangu ni hii. Anayevuta kati ya Iringa, Mbeya na Dar es Salaam, akinunua mafuta kituo anachokiamini na kubadilisha filta kwa wakati, achukue 2.8. Anayefanya kazi porini, siku mbili kutoka kwa fundi mwenye kompyuta, abaki na 1HZ, apande polepole, na asiruhusu mtu yeyote kuifunga tabo.