Dushi ya Nyumba ya Zamani kule Panda

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometa karibu 120. Mji huu, ulioitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, ulizaliwa na shaba, na kule Panda nyumba za kambi za wafanyakazi zingali zimesimama kwa mistari, zinafanana zote. Matofali yake yana nguvu bado. Kilichochoka ni matuyo, malata na kuta za dushi.

Mu nyumba moja ya namna hiyo anakaa mjane wa mfanyakazi pamoja na wajukuu wanne. Kuta za dushi yake zilikuwa na madoa meusi na ya kijani mpaka juu kwenye plafo. Mjukuu mdogo alikuwa anakohoa usiku, kifua kinalia.

"Pasta," mama aliniambia, "nilipakala rangi mara tatu. Kila mvua inarudia tu. Franka zote zinaishia mu ukuta."

Kuvu haiogopi rangi, wapendwa. Inatafuta maji, na mahali inapoyapata inakaa. Wasomaji wa Biblia wanajua Walawi 14: kuhani anafunga nyumba siku saba, na doa likienea, mawe yanatolewa, ukuta wote wa ndani unakwanguliwa na kupakwa udongo mpya. Hakuna mstari unaoruhusu kulifunika doa. (Mafundi wetu wengi wangefaa kuisoma ile sura.)

Basi, masoni mmoja kijana alianza kwa kutafuta maji yanatoka wapi. Alikuta mambo mawili. Tuyo ndani ya ukuta ilikuwa inavuja kidogo kidogo, na tundu la hewa lilizibwa na kitambaa juu ya baridi ya mwezi wa 6. Mvuke wa maji ya moto haukuwa na pa kutokea. Tuyo ikatengenezwa, kitambaa kikatupwa, na tundu likawekewa wavu wa kuzuia mbu.

Kisha watoto wakapelekwa kwa jirani. Kijana alifunga kitambaa puani na mdomoni, akalowesha ukuta ili vumbi la kuvu lisiruke, akakwangua rangi zote tatu za zamani. Akasugua kwa sabuni na brosi, kisha kwa javeli, kikombe 1 katika lita 4 za maji, mlango wazi. Hapa ninasema kwa nguvu: javeli isichanganywe hata siku moja na siki, asidi wala dawa nyingine ya kusafisha choo. Moshi wake unaweza kuua mtu.

Hayo yalifanyika mwezi wa 4, mvua zikiisha. Mama alitaka kupakala kesho yake, tukamzuia. Tulibandika kipande cha plastiki ukutani, kimefungwa pande zote. Siku ya pili kulikuwa matone nyuma yake, maana yake ukuta ungali na maji. Tulingoja mpaka mwezi wa 6, plastiki ikabaki kavu.

Rangi ilikuwa chokaa, maana kuvu haipendi ukali wake, na pale Kakontwe, karibu na mji, mawe ya chokaa hayakosekani. Kijana alipakala mara tatu, nyepesi nyepesi, akichunga macho, maana chokaa inaunguza. Mama alitamani bluu, lakini akakubali nyeupe ili doa likirudi alione mapema.

Mtoto sasa analala vizuri zaidi. Hata hivyo tulimwomba mama ampeleke kwa munganga, juu kifua kinacholia kinaweza kuwa na sababu nyingine.