Utunzaji wa Motokaa ya Kale

Ya kale dhahabu, walisema wahenga. Neno hili ni zuri, na mara nyingi ni la kweli. Lakini dhahabu haishiki kutu wala haihitaji grisi. Vitu vingi vya kale tuvipendavyo si vya namna hiyo. Ni vya chuma, mpira, mbao na nguo, navyo huliwa na unyevu, jua na miaka. Basi mwenye kuvipenda ana deni juu yake, nalo ni deni la kuvitunza. Nataka kueleza jinsi deni hili lilivyolipwa kwa motokaa moja ya Kimarekani, na swali gumu lililozuka katika kulilipa: je, kutunza kitu ni kukiacha kama kilivyozaliwa, au ni kukiwezesha kuendelea kufaa?

Nilipokuwa nikisoma katika jimbo la Michigan nilipanga chumba kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya useremala. Bandani mwake mlikuwa na Chevrolet ya mwaka wa 1951, ya milango minne, aliyorithi kwa baba yake. Jumamosi nyingi nilimshikia taa na kumpa spana, na kwa njia hiyo nikapata elimu ambayo haikuwamo katika orodha ya masomo yangu.

Motokaa za wakati ule zina historia yake. Mwezi wa Februari 1942 viwanda vya Marekani viliacha kuunda motokaa za raia, vikaingia katika kuunda zana za vita. Vilipoirudia kazi ya zamani mwaka wa 1945, watu walikuwa na njaa ya motokaa, na zile za kwanza kutolewa zilikuwa karibu sawa na za 1942, zimebadilishwa sura kidogo tu. Chevrolet ilipata umbo jipya mwaka wa 1949. Kwa hiyo motokaa ya mzee ilikuwa na mwili mpya na moyo wa kale. Maana injini yake, ya silinda sita na inchi za ujazo 216, yaani kama lita tatu na nusu, ilikuwa ya aina iliyoanza kutumika mwaka wa 1937.

Injini hiyo ilinifundisha mengi. Beringi za mikono ya pistoni si vipande vya kununuliwa na kupachikwa. Ni mchanganyiko laini wa bati, antimoni na shaba ulioyeyushwa na kumiminwa katika chuma chenyewe. Kila mkono una kijiko kidogo chini yake, nacho huchota mafuta kila uzungukapo. Na katika maungio ya kila mshiko mna vibati vyembamba kama karatasi. Beringi ikilika kidogo, fundi huondoa kibati kimoja, nafasi ikapungua, na injini iliyokuwa ikigonga ikanyamaza. Tazama busara iliyomo humo: mwundaji alijua kwamba chombo chake kitachakaa, akaweka dawa ya uchakavu ndani ya chombo chenyewe. Alimwamini fundi ambaye hakumjua, wa mahali asipopajua, na wa wakati ambao yeye mwenyewe asingekuwapo.

Lakini imani hiyo inadai malipo. Motokaa ya namna hii haikubali mwenyewe mzembe. Maungio ya magurudumu ya mbele hutaka grisi mara kwa mara. Pointi za kuwashia moto hulika, sharti zipimwe kwa kipimo chembamba. Nyaya za plagi sharti zifuate mwendo wake, wa kwanza, wa tano, wa tatu, wa sita, wa pili, wa nne. Ukikosea mbili tu, injini hutetemeka kama mwenye homa. Umeme wake ni wa volti sita, hivyo waya mwembamba au kiungo chenye kutu hutosha kuifanya stata ishindwe asubuhi ya baridi. Hata vifuta mvua huendeshwa kwa mvuto wa hewa wa injini, na motokaa ipandapo kilima navyo hupunguza mwendo, kana kwamba vinachoka pamoja nayo. Juu ya hayo, dunia iliyoizunguka imebadilika. Petroli yenye risasi ilipigwa marufuku kwa magari ya barabarani nchini Marekani mwaka wa 1996, na petroli iuzwayo huko siku hizi kwa kawaida ina alkoholi kama sehemu moja katika kumi, ambayo hudhuru mipira ya kale. Mzee alikwisha badili mipira yote ya petroli, wala hakuna aliyemwambia kwamba amemsaliti baba yake.

Swali gumu lilikuja kwa njia ya breki. Huko Michigan barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi ni adui wa chuma. Kwa hiyo motokaa ililala bandani tangu theluji ya kwanza mpaka mvua za machipuko ziilipoosha lami. Mwaka mmoja tulipoiamsha tulifungua gurudumu la nyuma, tukapangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, maana vumbi la breki za kale huweza kuwa na asbesto, na kulipuliza kwa hewa ni kuliita mapafuni. Ndani tuliona unyevu. Mpira wa silinda ndogo ya gurudumu ulikuwa umezeeka na mafuta ya breki yalikuwa yakivuja. Hili halikuwa kosa la mtu. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa, na unyevu huzaa kutu, na miaka hufanya yaliyobaki.

Silinda hiyo tuliitengeneza. Lakini mimi niliona jambo lililo kubwa zaidi. Katika motokaa ile, kama ilivyokuwa desturi ya wakati wake, magurudumu yote manne hupata nguvu ya breki kutoka silinda kuu moja yenye njia moja. Gurudumu moja likivuja sana, yote manne hukosa breki. Motokaa za Marekani za mwaka wa 1967 zilikuwa na njia mbili zilizotengwa, ili moja ikifa nyingine ibaki. Nikamshauri mzee aweke silinda kuu ya namna hiyo.

Alikataa. Alisema kwamba baba yake aliiendesha miaka mingi kwa breki zile zile, na kwamba mtu akianza kubadili hiki leo na kile kesho, mwisho atabaki na jina la motokaa tu. Hoja hii si ya kudharauliwa. Mimi nilizaliwa Tanga, mahali ambapo fundi huweza kutia injini ya gari moja katika gari jingine bila kusikitika, maadamu safari iendelee. Nasi husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwetu gari ni la kwenda. Kwa mzee ilikuwa pia ushahidi, na ushahidi ukifutwafutwa haushuhudii tena.

Hata hivyo mjukuu wake wa miaka saba alipenda kuketi kando yake. Nilimwuliza mzee kama baba yake, angalipewa nafasi ya kuchagua, angaliinunua njia moja au mbili. Hakunijibu siku ile. Baada ya majuma mawili aliagiza silinda mpya. Aliifunga chini ya sakafu, mahali pasipoonekana, bila kutoboa tundu wala kukata chuma cha asili. Na ile ya zamani akaipaka mafuta, akaifunga katika kitambaa, akaandika tarehe juu yake na kuiweka rafuni. Atakayetaka kuirudisha ataweza.

Hapo ndipo nilipoona jibu. Mabadiliko yasiyoharibu, yaliyoandikwa, na yanayoweza kurudishwa, hayaondoi heshima ya kitu cha kale. Huiongezea heshima ya walio hai. Sisi wasomi tunarithi vitu visivyo vya chuma: lugha, sheria, vitabu na desturi. Navyo vina beringi zinazolika na mipira inayozeeka. Anayekataa kuvigusa huviacha vioze kwa mapenzi, na anayevibadili bila kumbukumbu huwaibia wajao. Mtunzaji mwema hujua kipi kibaki, kipi kibadilike, na mahali gani pa kuandika tarehe.