Ile Boti ya Mbudya Unayopigia Selfi: Yaliyonikuta Nilipobadilisha Oili ya Gia Mwenyewe

Leo sina umbea, ingawa kuna staa mmoja atapita humu katikati na jina lake silitaji hata mkinitishia.

Wengi wenu mmeshaenda Mbudya. Mnafika Kunduchi, mnavaa maboya, mnapiga selfi, upepo unapeperusha nywele za bei mbaya, muda mfupi baadaye mpo kisiwani mnaagiza samaki na chipsi. Hakuna hata mmoja anayegeuka kuangalia nyuma ya boti, kwa sababu nyuma kuna mimi na mashine, na wote wawili tunanuka petroli.

Boti ni ya mjomba, kaka yake mama. Ni ya faiba, na nyuma ina Yamaha 40, ile ya kuchanganya oili na petroli ambayo ukipita pwani yetu utaikuta kila sehemu. Niliingia kwenye hii kazi baada ya matokeo ya fomu foo kunikalisha nyumbani. Mjomba akasema njoo angalau ushike kamba. Nikashika kamba, nikashika usukani, mwisho nikashika bisibisi, na hapo ndipo stori ilipo.

Kwa wasiojua, ile mashine ina mguu unaoingia majini. Chini kabisa ya mguu, pale penye propela, kuna kichwa cha chuma kama kibuyu kilicholala. Humo ndani mna gia zinazochukua mzunguko unaotoka juu na kuugeuza uende kwenye propela, mbele au nyuma. Gia zile zinaogelea kwenye oili yao wenyewe, tofauti kabisa na ile unayochanganya na petroli. Haifiki hata nusu lita. Kitabu cha mashine kinataka ibadilishwe kila baada ya saa 100 za kazi, na mashine mpya kabisa mapema zaidi. Ukifanya kazi ya wikendi na sikukuu kama sisi, saa 100 hazichelewi.

Miaka yote mjomba alikuwa anapeleka mashine mjini kwa dila mmoja. Ofisi ina kiyoyozi, vijana wana ovaroli safi, risiti inatoka kwenye kompyuta. Sevisi 180,000. Ongeza kirikuu cha kubeba mashine kwenda na kurudi 60,000, na ongeza Jumamosi moja boti imekaa juu ya mchanga bila kuingiza hata mia. Mimi nikawa namwambia, mjomba, hii kazi naiweza. Nimeangalia video mpaka bando limeisha, na kitabu nimesoma. Oili ya gia kwa mashine yetu nilipiga hesabu haifiki 30,000. Alinikatalia kama mwaka mzima. Siku moja, nadhani kwa kuchoka tu, akasema, "Haya fanya. Ukiiua, utaizika wewe."

Kazi yenyewe ni rahisi mpaka inatia hasira ukikumbuka hela iliyolipwa. Unasimamisha mashine wima. Pembeni ya kile kibuyu kuna skrubu mbili, moja chini na moja juu. Unaweka ndoo, unafungua ya chini, halafu ya juu ili hewa iingie, na oili inashuka yote. Kujaza ndiyo ilinishangaza. Hujazi kwa juu kama chupa ya maji, unasukuma oili mpya kupitia tundu la chini, inapanda na kufukuza hewa, mpaka itoke tundu la juu bila mapovu. Hapo unafunga ya juu kwanza, ndiyo unatoa mrija na kufunga ya chini chapuchapu. Oili ya zamani inaingia kwenye dumu. Kuna watu wanamwaga baharini, tena pale pale tunapopeleka wageni kuogelea kwenye eneo la hifadhi. Wanajijua.

Sasa siku ile ya kwanza skrubu ya chini ilikataa. Nilitumia bisibisi pana kabisa, nikaweka na spana kwa nyuma, wapi. Mjomba akainama, akawasha tochi ya simu, akakaa kimya muda mrefu. Juu ya ile skrubu kulikuwa na rangi. Rangi ya mashine yenyewe, imepita juu ya kichwa cha skrubu mpaka pembeni, haijapasuka hata ufa. Na tuliipaka wenyewe kwa mkono wetu, sevisi tatu nyuma.

Hakusema neno. Aliingia ndani akatoka na bahasha ya kaki ya risiti zake. Risiti tatu, zote zina mstari wa oili ya gia. Tulipogongagonga ile skrubu ikakubali, kilichotoka kilikuwa cheusi tii na kinanuka kama kitu kilichoungua. Mimi nilitaka twende mjini siku ile ile tukawashe moto. Mjomba akasema tutawaambia nini, rangi? Akarudisha risiti kwenye bahasha. Na jamani, sisemi madila wote wako hivyo. Nasema tulilipia kitu mara tatu, na mimi nina macho.

Kuanzia siku hiyo nikawa fundi. Yani nilijiona. Mtaani nikawa natoa ushauri bila kuombwa. Mtu akipita na mashine begani namuuliza, oili ya gia umebadilisha lini? Na ujinga ndiyo unaingilia hapo. Kila skrubu ina washa yake ndogo, na kila ukifungua inatakiwa uweke mpya. Mara ya pili kubadilisha, dukani nikaambiwa washa zimeisha, rudi keshokutwa. Kitu cha 1,000. Nikaziangalia za zamani, nikaona bado zinadai, nikarudishia. Sikumwambia mjomba.

Sasa staa anaingia. Wiki kadhaa baadaye tukapata kazi nono. Msanii mmoja wa Bongo Flava, mnamjua, anafanya bethidei Mbudya, anataka boti kutwa nzima na mpiga picha juu. Advansi ikaingia kwenye simu ya mjomba Alhamisi. Mjomba akapiga rangi ubavu wa boti, akanunua maboya mapya mawili. Sijawahi kumuona na furaha ile.

Ijumaa asubuhi, sijui niliambiwa na nani, nikasema ngoja nilegeze skrubu ya chini kidogo nione tone la kwanza. Mashine ilikuwa imelala usiku kucha. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo ndani, usiku yanashuka chini na ndiyo yanatangulia kutoka. Yakatoka maji. Halafu ikafuata oili nyeupenyeupe, rangi ya chai ya maziwa.

Nilikaa kwenye mchanga. Nilijua maana yake. Maji yakiingia mle, oili haishiki tena, beringi zinaanza kula kutu, gia zinasagana. Inaweza kwenda wiki, inaweza kukatika kesho katikati ya mkondo na watu kumi na mbili na keki. Ukifika kununua kichwa kizima cha chini kipya, kwa bei yake unaweza kuanza kuulizia pikipiki.

Na nitawaambia ukweli kwa sababu hapa hatujuani kwa sura. Wazo la kwanza halikuwa kumwambia mjomba. Wazo la kwanza lilikuwa, mwaga, jaza mpya, funga, kesho piga kazi, Jumapili ndiyo nianze kuugua ugonjwa wa kushtuka. Nilishafungua na chupa mpya. Niliona zile washa mbili zimekaa kwenye kiganja changu, zimebonyea kama sarafu iliyokanyagwa na treni, nikajua kabisa mwizi ni mimi.

Kilichonirudisha ni yale maboya mapya. Yalikuwa bado yamo kwenye nailoni, yameegemea boti. Mtu kanunua maboya kwa ajili ya usalama wa watu ambao hata hawajui kuna mafuta yanaitwa oili ya gia. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Vipi?"

"Mjomba, mashine imekunywa maji. Na nadhani ni mimi."

Alikuja kwa miguu. Hakunifokea, na hiyo inauma kuliko kufokewa. Alitumbukiza kidole kwenye ndoo, akakisugua na cha pili, akauliza tu, "Washa uliweka?" Nikasema hapana. Akaenda pembeni kupiga simu. Ile kazi tuliwapa majirani wenye boti nyingine, advansi ikahamia kwao, na hela ya juu mjomba aliongeza mfukoni kwake ili mteja asiharibiwe siku. Klipu za ile bethidei mliziona nyote. Ile boti ya buluu siyo yetu.

Jumamosi, wakati wenzetu wanapiga hela, tulikuwa kwa fundi mmoja mtu mzima wa hapo hapo pwani. Hana kiyoyozi, ana mwembe. Kwanza alivua propela. Nyuma yake, kwenye shafti, kulikuwa na mshipi wa nailoni umejizungusha na kukaza kama pete. Ule wa kuvulia, unaelea kila mahali siku hizi. Ukinaswa na propela unajiviringisha, unajichimbia ndani mpaka unakata sili inayozuia maji. Halafu akafunga pampu ya baiskeli yenye geji kwenye tundu la skrubu, akajaza upepo taratibu, akapaka povu la sabuni kila sehemu. Mapovu yakaanza kutoka kwenye shafti, makubwa. Alipoziweka zile washa zangu na kujaribu upya, mapovu yakatoka na hapo, madogo madogo.

"Kwa hiyo kosa ni langu au la mshipi?" nikauliza. Nilitaka sana aseme mshipi.

Mzee akacheka. "Mwanangu, maji hayaulizi yapitie mlango gani."

Sili mpya mbili, washa, oili na ufundi wake vilikula 95,000. Gia zilikuwa nzima, tuliwahi. Nilimuuliza kama zingefika Jumapili, akaninyanyulia mabega.

Mnaoniuliza kama ni bora ujifanyie au ulipe, mnauliza kuhusu hela. Mwaka huu nimeokoa kidogo, ukitoa 95,000 na ile kazi ya bethidei hata sijaokoa. Ila kwa miaka ile ya dila, hata kama wangekuwa wanabadilisha kweli, oili yetu chafu ingeishia kwenye pipa lao na sisi tungepewa karatasi. Ile oili chafu ndiyo barua yenyewe. Nyeusi inakwambia umechelewa, ya maziwa inakwambia kuna maji, na ukiona vipande vya chuma kwenye ncha ya skrubu, usiwashe tena mpaka mtu aangalie. Uji mwembamba wa chuma, laini kama masizi, huo ni wa kawaida. Kubadilisha nabadilisha mwenyewe, na propela naivua mwenyewe kutafuta mshipi. Kupima upepo na kuweka sili nampelekea mzee wa mwembeni na ninalipa bila kulia, kwa sababu sili ukiipachika upande siyo, unarudi pale pale. Na ikitokea siku mashine inarudi kwa dila, nitasimama mlangoni niseme naomba kuona ya zamani. Akinuna, anune.

Washa sasa ninazo kumi, kwenye kikopo cha mafuta ya nywele.

Na kuna kitu mjomba kaanzisha bila kuniambia. Kila nikibadilisha, anachukua kichupa cha maji kidogo, anakinga oili ya zamani, anaandika tarehe kwa maka, anakipanga dirishani. Viko vitatu. Cha kwanza cheusi, cha pili chai ya maziwa, cha tatu cha mwezi uliopita, rangi ya asali. Juzi nimemkuta amekishika cha tatu juu, anakiangalia kwenye jua. Aliponiona akakirudisha, akajifanya anatafuta funguo.